Kwa wakaguzi wapya wa ndani: waacheni makarani

Nimepitia ripoti za ukaguzi za kundi lenu, na karibu kila kasoro imeandikiwa chanzo kilekile: "uzembe wa karani." Hatua ya kurekebisha? "Karani ameonywa." Vijana wangu, nawapenda, lakini mtanitia wazimu.

1. Uzembe si chanzo. Endelea kuuliza kwa nini mpaka ufike kwenye fomu, bajeti au mkubwa fulani. Ukifika kwa mkubwa, andika vilevile.

2. Msinakili taratibu za shirika lingine. Nimewahi kusoma mwongozo wa ofisi ya umma unaotaja "wafanyakazi wa kiwandani kwetu." ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora tunachokagulia, katika toleo la 2015 haidai tena mwongozo wa ubora, wala zile taratibu 6 za lazima za toleo la 2008. Mnabeba mizigo ya nani?

3. Msikimbilie kuandika "waraka usiodhibitiwa." Najua kifungu cha 7.5 cha ISO 9001, kinachotaka nyaraka zidhibitiwe; nilikikariri kabla yenu. Nilikuwa nimetoka mafunzoni, cheti bado kibichi, nikaingia masijala ya shirika nililofanyia kazi. Mama wa masijala alikuwa na kaunta buku aliyoipiga mistari kwa rula, jalada limeshikwa na selotepu. Kila faili iliyotoka aliiandika humo: nambari, tarehe, na nani hasa kaibeba. Kando yake, rundo la fomu rasmi za mwendo wa faili, safi, tupu.

Nikaandika kasoro. Daftari halina nambari ya waraka, halina toleo, halina saini ya aliyeliidhinisha. Nikahamisha taarifa zake kwenye fomu mimi mwenyewe, nikiruka kila mstari ambao mchukuaji hakuwa afisa aliyeidhinishwa, kwa kuwa fomu haikuwa na mahali pa kumweka. Kisha daftari likaingia kwenye katoni ya nyaraka zilizopitwa na wakati, katoni ikaenda stoo. Mama akanitazama, akasema tu, "Sawa, mwanangu." Mkaguzi wa nje alipokuja, masijala ilimeremeta. Tukapata hati ya ISO, tukakata keki.

Halafu akaja mzee mstaafu, malipo yake ya uzeeni yakisubiri faili. Kwa mujibu wa fomu zangu ilikuwa kabatini. Kabatini haikuwemo. Akawa anarudi, anakaa kwenye benchi la mapokezi, kofia mapajani, hati yetu imening'inia ukutani juu yake. Mama wa masijala akaandikiwa barua ajieleze, na maneno "kutofuata taratibu" yalichukuliwa moja kwa moja kutoka ripoti yangu. Mwishowe alikwenda stoo mwenyewe, akafungua katoni, akapekua kurasa chache: "Dereva wa bosi." Faili ilikuwa kwenye buti la gari, chini ya jeki.

Mzee alilipwa. Barua ya yule mama haikutoka kwenye faili lake. Niliomba iondolewe, nikajibiwa kwamba hakuna utaratibu wa kuondoa barua. Na daftari lile lilihitaji nambari ya waraka tu, kazi ya kalamu na dakika chache.

4. Hati ya ISO hudumu miaka 3, na mkaguzi wa ufuatiliaji huja kila mwaka. Msizimishe mfumo katikati. Hapa Kenya ugonjwa huu una historia: mikataba ya utendakazi, ambamo taasisi za umma huahidi serikali shabaha za kazi, ilianza 2004, na ISO ilipoingizwa humo kama shabaha, wakubwa wengi walitaka fremu ya ukutani tu.

5. Chai mtakayoletewa na idara mnayoikagua, kunyweni. Si hongo. Maneno ya kweli hutoka baada ya kikombe cha pili, kalamu ikiwa chini.

6. Mapitio ya menejimenti, kifungu cha 9.3, ambapo wakubwa wenyewe huupima mfumo: mkurugenzi akituma mwakilishi, ahirisheni. Akituma tena, ahirisheni tena, na muandike kwenye kumbukumbu za kikao nani hakuja. Hilo watalisoma.