Dogo kaambiwa aache ukipa acheze winga, jibu langu hili hapa

Juzi dogo mmoja wa Sengerema kanitumia meseji ndefu, anasema msimu mzima kasugua benchi na sasa kocha kamwambia ana mbio, ajaribu kucheza winga. Ananiuliza, kaka niache ukipa? Nimeshamjibu ila najua wenye swali hilo mko wengi, kwahiyo naandika na hapa.

Usiache. Mimi nimesugua benchi misimu miwili kwenye timu moja ya hapahapa Mwanza ambayo sitaitaja, kipa namba moja akiumwa bega anachomwa sindano anacheza, mimi kazi yangu kupasha misuli na kurudi kukaa. Mwisho nikapigiwa simu nisirudi kambini, na mishahara yangu mpaka leo sijaiona. Inaniuma bado. Lakini timu iliyonichukua baada ya hapo haikuwahi kuniona kwenye mechi hata moja, kocha wao wa makipa aliniona uwanja wa Kirumba nikipasha, nadaka krosi mashabiki wakiwa bado wanaingia. Nilikuwa napasha kama naanza, kila mechi, hata pale nilipojua kabisa sitaingia. Dogo, pasha kama unaanza.

Winga ataingizwa dakika 20 za mwisho, sisi huo mlango hatuna. Ila sisi tunadumu. Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma, mwaka 2003 ndo alikuwa langoni Simba ikiwatoa Zamalek kwa penati kulekule Cairo. 2019 watu wengi walishamuweka kando, Taifa Stars wakamwita, wakaitoa Burundi kwa penati pale Taifa na langoni ni yeye yule. Miaka 16 hiyo! El Hadary wa Misri kacheza Kombe la Dunia 2018 akiwa na miaka 45 na penati akaokoa. Sasa wewe una miaka 19 unataka kukata tamaa kwa msimu mmoja?

Na wakati unasubiri, fanya kazi ya krosi, hasa sisi wa huku ziwani. Jioni upepo ukitoka ziwani mpira wa juu unauona kabisa unakuja kwako, halafu unasita hewani, na kipa aliyetoka mapema anakuta mpira uko nyuma yake. Mimi nasubiri kidogo, nausoma mpaka uanze kushuka ndo natoka, goti moja nimelinyanyua mbele straika asije akaniingia mbavuni, naudaka juu kabisa mikono imenyooka. Na kelele ya "kipa!" naitoa kabla sijaruka, maana ukichelewa kuita beki wako naye anaruka, mnagongana vichwa na mpira unaingia nyavuni. Hii nimeifanyia mazoezi mpaka giza linaingia, mtu mmoja tu ananipigia mipira kutoka pembeni.

Miguu nayo usiidharau. Tangu 1992 ilipokatazwa kudaka pasi ya mguu ya beki wako, kipa asiyejua kutoa pasi ni mzigo, na mtazame Diarra wa Yanga anavyoanzisha mashambulizi.

Vijana mna haraka sana jamani. Mnataka jina kabla ya kazi, mtu akikaa nje mechi tatu analalamika kwenye status, hasali, halali mapema, hapashi vizuri, halafu siku kipa wa kwanza akila kadi nyekundu anaingia mwili umepoa anafungwa. Heshimu nafasi yako hata ikiwa ni ya benchi.

Na mkataba, mdogo wangu, soma kila ukurasa, na usiondoke ofisini bila nakala yako yenye sahihi. Mimi kiongozi alibaki na zote, nilipotaka kudai sina hata karatasi moja ya kuonyesha. Wakikwambia nakala utaipata kesho, nawe waambie utasaini hiyo kesho.