Mwenye Duka Siye Mnunuzi: Nilichojifunza kwa Tovuti Moja ya Kariakoo

Tovuti ya kwanza niliyolipwa kuitengeneza ilikuwa ya duka la vipuri vya pikipiki Kariakoo, nami nilifuata utaratibu niliofundishwa: kuandika mahitaji ya mwenye duka, kutia saini, kusanifu, kuandika msimbo (maagizo ya kompyuta), kukagua na kukabidhi, kila hatua ikifungwa kabla ya inayofuata kuanza. Mwenye duka aliridhika, akalipa. Miezi mitatu baadaye wateja wake walikuwa bado wanapiga simu kuuliza bei.

Winston Royce, Mmarekani mtaalamu wa programu za kompyuta aliyechora mfuatano wa namna hiyo katika andiko lake la mwaka 1970, alionya humo humo kwamba kuutekeleza jinsi ulivyo ni kukaribisha kushindwa, kwa kuwa majaribio huja mwishoni, wakati marekebisho yamekwisha kuwa ghali. Kosa langu lilikuwa kubwa zaidi: nilimhoji mtu mmoja tu, tena yule asiyenunua chochote dukani humo.

Niliomba nikae dukani siku mbili. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alishauri mwaka 2000 kwamba watumiaji watano hutosha kwa jaribio moja, nami nikawapata watano, mafundi na wachuuzi wa mikoani, nikawaomba waagize cheni kupitia simu zao wenyewe. Kunyamaza huku mtu akihangaika na kitu ulichokijenga ni adhabu, lakini ukimwelekeza umeliharibu jaribio. Ile picha kubwa ya mwanzo, fahari ya mwenye duka, ilichelewa kufunguka na kula bando. Fomu ilidai barua pepe, ilhali wao hutumia namba ya simu kwa kila jambo. Swali lao kuu, yaani mzigo utapakiwa basi gani na lini, halikujibiwa popote.

Toleo la pili nililichora kwa kalamu, nikawaonyesha wanunuzi kabla ya kuandika msimbo wowote. Kufuta mstari wa kalamu hakumgharimu mtu. Hata hivyo, sikushauri uutupe utaratibu wa zamani wote. Mkataba, bei na tarehe vibaki, ila humo uandike idadi ya awamu za majaribio, la sivyo marekebisho hayatakuwa na mwisho na malipo yako yatakawia.

Ile picha mwenye duka alikataa katakata iondolewe. Tuliipunguza ukubwa, tukaihamishia ukurasa wa historia ya duka.