Oili nzito haikamatishi gia

SWALI: Fundi, gari langu ni la zamani, otomatiki ya gia nne, lina kijiti cha kupimia oili ya gia. Asubuhi linakwenda vizuri. Likishapata moto, likitoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inavuma, mshale unaruka hadi mizunguko 4,000, ndipo linashika kwa kishindo. Fundi mmoja kanishauri niweke oili nzito au chupa ya dawa. Mwingine kasema nisiguse oili kabisa, nikibadilisha tu gia boksi itakufa. Nimsikilize nani?

JIBU: Usimsikilize hata mmoja, ingawa huyo wa pili ana chembe ya ukweli.

Hii habari ya oili nzito imenichosha. Anayeieneza anadhani oili ndiyo inayoshika gia. Sivyo. Pampu inasukuma oili kwenye valvu bodi, valvu zinaipeleka nyuma ya pistoni, pistoni inabana sahani za klachi. Kinachoshika ni mgandamizo pamoja na utando wa sahani, na utando huo kwa gia boksi nyingi hauzidi milimita moja kila upande. Ukishaungua, hakuna oili ya kuuotesha upya. Halafu kuna sili za mpira za pistoni. Zikikakamaa kwa joto la miaka, oili inapenya pembeni na mgandamizo unashuka. Oili ya moto ni nyepesi, inapenya zaidi. Ndiyo maana gari lako ni zima asubuhi na gonjwa mchana. Oili nzito inaficha uvujaji huo siku chache tu, na kukiwa na baridi inachelewa kufika kwenye pistoni, sahani zinasagana. Hizo dawa za chupa nazo, nyingi kazi yake ni kuvimbisha mpira. Gari linavuta wiki mbili, unamshukuru aliyekuuzia. Mpira uliopasuka hauungwi kwa kuvimba.

Tuje kwenye lako. Pima oili injini ikiwa ya moto na inaunguruma, gari likiwa mahali tambarare, baada ya kupitisha mkono wa gia kwenye kila nafasi na kuurudisha P. (Kuna magari, Honda nyingi zikiwemo, yanayopimwa mara tu baada ya kuzima, soma kitabu chake.) Ikiwa pungufu, pampu inanyonya hewa, na povu halibani sahani. Oili ya gia hailiwi kama ya injini, kwa hiyo ikipungua kuna inakotokea. Katika baadhi ya magari ya zamani sana inanyonywa na injini kupitia kiwambo cha vakyumu kilichotoboka: chini huoni tone, nyuma unaona moshi mweupe.

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyekundu au kahawia bila harufu, kuna matumaini. Nyeusi inayonuka kuungua, sahani zimeanza kwisha. Ikiwa ya waridi kama maziwa, maji ya rejeta yameingia; usiwashe tena.

Kisha angalia kebo inayotoka kwenye mkono wa mafuta kwenda gia boksi, kama gari lako linayo. Mimi naanza kuishuku hiyo, na mafundi wengi wanairuka. Ndiyo inayoiambia gia boksi umekanyaga kiasi gani. Ikilegea, injini inasukuma kwa nguvu huku mgandamizo umebaki wa chini, na gia inateleza vilevile ulivyoeleza. Kuirudisha kwenye alama yake ni kazi ya dakika chache. Ikiwa sawa, fundi afunge geji ya mgandamizo. Asiye na geji anabahatisha. Akitaka kupima kwa kukanyaga breki na mafuta pamoja, isizidi sekunde 5, wala asirudierudie.

Sasa yule wa pili. Ni kweli magari mengine hufa wiki moja baada ya kubadilishwa oili, lakini sanda haijawahi kumuua mtu. Sahani zilikuwa zimekwisha tayari, na mafundi wengi huamini kwamba unga wao ndani ya oili chafu ulikuwa ukizisaidia kushika. Yako ikiwa nyeusi, usiibadilishe ukitarajia muujiza. Ikiwa bado nzuri, badilisha pamoja na chujio, kwa aina iliyoandikwa kitabuni. Ukifungua sampu (bakuli la oili chini ya gia boksi) inatoka theluthi hadi nusu tu, nyingine inabaki kwenye konveta (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi), hivyo rudia baada ya siku chache.

Wauza chupa wanakula muda wako, na muda ndio unaokula sahani. Kuna sampu niliyoifungua mimi, mwenye gari akiwa amemimina chupa tatu. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ningeuelewa, gia boksi yoyote inao. Hii ilikuwa na vipande vya utando, vyeusi kama magamba ya mkaa, vimeziba chujio lote. Klachi moja ya kubadilisha ilikuwa imegeuka gia boksi nzima.

Wapo pia wanaofunga gia boksi nyingine bila kusafisha kipoza oili, na takataka za ile ya zamani zikaingia kwenye mpya siku ya kwanza. Ukifika huko, muulize fundi atakisafishaje. Akikuuliza "kipoza gani?", omba ufunguo wako.