Maswali na Majibu: Ndege Ndogo Ipi Imeundwa Vizuri?

SWALI: Ndugu wahariri, natafuta ndege iliyotumika, ya injini moja na viti vinne. Kila ninayemwuliza ananiambia Beechcraft ndiyo iliyoundwa kwa umakini kuliko zote, Piper inafuata, Cessna inashika mkia. Kuna ukweli hapo? Na nikague wapi ili nisije nikanunua rangi mpya iliyoficha ugonjwa?

JIBU: Sifa ya Beechcraft ina msingi. Bonanza iliruka mara ya kwanza tarehe 22 Desemba 1945, na miundo yake mingi imeidhinishwa kustahimili mzigo wa mara 4.4 ya uzito wake hata ikiwa imepakiwa hadi kikomo. Cessna 172 na Piper PA-28 zikipakiwa hivyo huishia mara 3.8. Ukikaa ndani ya Bonanza utaona pia mabati yanavyokutana bila mianya na vifuniko vinavyokaa sawa.

Pamoja na hayo, Bonanza zenye mkia wa umbo la V, zilizoundwa hadi 1982, zina sehemu za mkia zinazochezacheza zilizofunikwa kwa bati la magnesi. Magnesi ni nyepesi, lakini ikipata unyevu huliwa upesi kuliko alumini, na huliwa kuanzia ndani. Dalili ya kwanza ni vipele vidogo chini ya rangi. Vipapase kwa ncha ya kidole, usitegemee macho peke yake. Kipele kikipasuka na kutoa unga, bati hilo limekwisha, na mabati mapya ya magnesi ni shida kuyapata. Boriti ya mbele inayopita chini ya viti kuunganisha mabawa nayo inajulikana kwa nyufa, hadi mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikatoa agizo la lazima la kuikagua kila baada ya saa kadhaa za kuruka.

Cessna 172 wanaidharau bure. Zimeundwa zaidi ya 44,000, na ile nguzo ya mshazari kati ya kiwiliwili na bawa huipunguzia boriti ya bawa kazi kubwa ya kupindwa. Udhaifu wake uko kwenye kinga ya kutu. Nyingi zilizotoka kiwandani kabla uzalishaji haujasimama mwaka 1986 zina alumini tupu ndani ya mabawa, kwa sababu praima ya ndani, yaani rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ilikuwa kitu cha kuagizwa na kulipiwa zaidi. Uzalishaji uliporudi mwaka 1996, praima ya ndani ikawa ya kawaida. Kwa hiyo 172 ya 1976 na ya 1998 usizihesabu kuwa ndege moja kwa sababu tu zina jina moja. Fungua vifuniko vya ukaguzi chini ya bawa, ingiza tochi na kioo kidogo, utazame upande wa ndani wa bati la juu na mahali mbavu zinapoungana na boriti. Kutu ya alumini ni unga mweupe au wa kijivu. Ukiona bati limevimba kama andazi kati ya ribiti na ribiti (vile vipini vya metali vinavyoshikanisha mabati), funga kifuniko, mshukuru muuzaji kwa muda wake uondoke.

Kitu kingine cha Cessna ni reli za viti. Kiti hushikiliwa na pini inayoingia kwenye tundu la reli. Tundu likiliwa na kuwa la mviringo mrefu, pini haikai, na ndege inapoongeza mwendo kwenye njia ya kurukia kiti huteleza nyuma. Rubani anajishika na usukani, pua inainuka, ndege inapoteza mwendo. Agizo la lazima linataka reli zikaguliwe kila saa 100 au kila miezi 12. Usiridhike na sahihi kwenye daftari. Kaa, funga pini, halafu jisukume nyuma kwa nguvu za miguu, katika kila tundu.

Cessna zisizo na nguzo, yaani 210 za kuanzia modeli ya 1967 na zile 177, ni habari nyingine, maana bawa zima linategemea boriti inayopita juu ya kichwa cha rubani. Mwezi Mei 2019 huko Australia 210 moja ilikatika bawa angani, na chanzo kilikuwa ufa wa uchovu wa metali kwenye boriti hiyo. Kishimo kidogo cha kutu kinatosha kuanzisha ufa wa namna hiyo. Usinunue 210 kabla boriti haijavuliwa vitambaa vya dari, ikasafishwa na kupimwa.

Piper PA-28 ina jambo zuri ambalo wanunuzi wengi hawalijui: matangi ya mafuta yamefungwa kwa skrubu sehemu ya mbele ya bawa, hivyo fundi anaweza kuyatoa akaiona boriti kuu uso kwa uso. Mwambie muuzaji unataka yatolewe. Mahali pa kuogopa ni matundu ya bolti zinazofunga boriti kwenye kiwiliwili, upande wa chini. Aprili 2018 huko Daytona Beach, bawa la PA-28R ya mafunzo lilikatika kutokana na nyufa zilizoanzia hapo, na watu wawili wakafariki. Nyufa hizo hazionekani kwa macho. Hupimwa kwa kifaa cha mkondo wa umeme baada ya bolti kutolewa. Ndege iliyofundishia wanafunzi miaka mingi imetua mara nyingi na kuruka chini chini kwenye hewa yenye misukosuko, kwa hiyo saa zake 5,000 ni nzito kuliko saa 5,000 za mtu binafsi.

Na Mooney je? Umeisahau, nasi hatutaiacha. Boriti yake kuu ni kipande kimoja kutoka ncha hadi ncha ya bawa, na abiria wamezungushiwa kizimba cha mabomba ya chuma. Ubunifu mzuri sana. Maji yakipenya kando ya madirisha hulowesha sufu ya kuzuia kelele, sufu hukumbatia mabomba ya chuma, na chuma huoza bila mtu kuona. Toa mapambo ya ndani chini ya madirisha kabla ya kutoa fedha. Matangi yake nayo ni bawa lenyewe lililozibwa kwa gundi maalumu. Gundi ikizeeka, madoa ya buluu ya petroli huonekana chini ya bawa, na kuziba upya kwa kufuata utaratibu ni kazi ya siku nyingi.

Ukitulazimisha tupange: kwa ugumu na ukamilifu wa kazi, Bonanza, kwa bawa, Mooney, kwa urahisi wa kupata vipuri na mafundi, Cessna. Lakini kati ya Bonanza iliyolala nje miaka 20 na 172 iliyolala ndani ya banda, tutachukua 172.

SWALI: Kwa nini ndege za faibaglasi hupakwa rangi nyeupe? Na je, ni imara kama za alumini? Naziangalia Cirrus na Diamond.

JIBU: Weupe ni kwa ajili ya joto. Rezini inayoshika nyuzi hulainika joto likizidi kiwango fulani, na bawa jeusi likiwa juani hukifikia upesi. Kwenye Diamond DA20 kuna kipimo kidogo kwenye daraja la boriti nyuma ya viti: muundo ukipita nyuzi 55 za sentigredi, hakuna kuruka hadi upoe.

Uimara wa vifaa hivi hutegemea siku vilipogandishwa kuliko siku ulipovinunua. Bati baya fundi analiona. Gundi mbaya iko ndani. Desemba 2010, Cessna Corvalis, nayo ya faibaglasi, ikiwa kwenye safari ya majaribio, na rubani wa FAA ndani, ngozi ya bawa yenye urefu wa futi 7 hivi iliachana na boriti ya mbele. Bawa lilikuwa limeundwa katika kiwanda cha kampuni hiyo huko Chihuahua, Mexico, na unyevu wa hewa humo ulikuwa mwingi kiasi cha kuzuia gundi kukauka vizuri. FAA ilipendekeza faini ya dola milioni 2.4. Ndiyo maana mtengenezaji wa faibaglasi unampima kwa namna anavyodhibiti joto na unyevu, na kwa kumbukumbu anazotunza za kila kipande.

Diamond DA40 ina boriti mbili za nyuzi za kaboni kila bawa, na matangi ya alumini yamewekwa katikati yake, mpango tunaoupenda kwa sababu mafuta hayagusi kuta za bawa. Cirrus ina parashuti ya ndege nzima, ambayo hukunjwa upya kila miaka 10 kwa gharama kubwa, na muundo wake una kikomo cha saa 12,000. Angalia tarehe ya parashuti kabla ya kitu kingine chochote.

Ukiwa uwanjani, chukua sarafu ugonge taratibu kila sentimita mbili tatu kando ya maungio. Mlio mkavu, wa juu, ni mzuri. Ukigeuka ghafla ukawa butu, kama unagonga kadibodi, weka alama kwa penseli na mwite fundi mwenye vifaa.

SWALI: Nyuma ya baadhi ya ribiti za bawa kuna michirizi myeusi. Nikifuta inarudi. Ni uchafu?

JIBU: Ikirudi, ribiti imelegea. Bati linasuguana na ribiti, unga wa alumini unachanganyika na unyevu, upepo unauvuta nyuma kama moshi. Futa kwa kiyeyusho, ruka saa 10, tazama tena. Kisha bonyeza bati kwa kidole gumba kando ya ribiti uone kama linacheza. Usikubali fundi aigonge upya. Ribiti ya zamani imekwisha kuwa ngumu, hupasuka. Itobolewe, iwekwe ya kipimo kinachofuata: mahali pa inchi 1/8, weka 5/32. Kichwa kinachoundwa kwa kugongwa kiwe na upana wa mara 1.5 ya kipenyo cha ribiti, na kimo cha nusu ya kipenyo. Zikifululiza tatu au nne kwenye mstari mmoja, tafuta ubavu uliopasuka ndani, au ulizia siku ndege ilipotua kwa kishindo.

SWALI: Ndege za kujiundia na zile nyepesi za michezo ni bei nafuu. Ubora wake je?

JIBU: Hutofautiana mno. Zodiac CH 601 XL zilivunjika angani kwa mtikisiko wa mabawa, na mwaka 2009 FAA ilisimamisha kutoa vyeti vipya hadi ziimarishwe mabawa na kuwekewa uzito wa kusawazisha usukani wa bawa, yaani ile sehemu inayochezacheza nyuma ya bawa. Ukiikuta inauzwa, taka picha na hati za marekebisho hayo.

Van's, kampuni inayouza vifurushi vya kujiundia ndege, ina jina jema na inastahili, lakini kuanzia 2022 sehemu kadhaa za vifurushi vyake zilikatwa kwa leza. Leza huacha kikato kidogo pale inapoanza na kumaliza duara, na tundu hilo likididimizwa ili kichwa cha ribiti kilale sawa na bati, ufa huanzia hapo. Desemba 2023 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Kwa ndege iliyojengwa wakati huo, uliza ni vipande gani vilikuwa vya leza na vipi vilibadilishwa.

SWALI: Nikiipaka ndege yangu rangi upya, kuna hatari?

JIBU: Rangi ya zamani iondolewe kwanza. Tabaka juu ya tabaka kwenye usukani wa mkia na wa mabawa huongeza uzito nyuma ya bawaba, na ndege inaweza kutikisika ikienda kasi. Kila sehemu inayochezacheza ipimwe usawa baada ya kupakwa, na vipimo viandikwe kwenye daftari la ndege kwa gramu au kwa wakia kama kitabu chake kinavyotaka.