Soko la Darasani: Mtoto Ataje Kasoro Kabla ya Bei

Walimu wengi tukiambiwa tufundishe ujasiriamali kwa maadili ya Kiislamu, tunaandaa vipindi viwili: kimoja cha mtaji na faida, kingine cha aya na hadithi. Mtoto anatoka na mambo mawili yasiyokutana. Ushauri wangu ni kwamba maadili yafundishwe pale pale mtoto anapouza.

Wanafunzi wangu hushona vijidaftari kwa karatasi zilizobaki, kisha huuziana. Kabla ya soko nawasimulia hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim: Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema imenyeshewa na mvua. Akaulizwa, mbona hukuiweka juu watu waione? Mtume akasema: anayeghushi si miongoni mwetu.

Hapo naweka sharti: kasoro itajwe kabla ya bei. Mwanzoni hucheka sana. Binti mmoja alimwambia mteja, "Jalada limekaa upande, na ukurasa wa mwisho umechanika kidogo." Mteja akaligeuza daftari, akaomba apunguziwe, wakaelewana. Jirani yake alikuwa amenyamazia uzi ulioachia. Akarudishiwa daftari lake kabla ya kengele, wateja wengine wakitazama. Sikuongeza neno.

Anayetaka kulipa kesho aandikiane na muuzaji: nani anadaiwa, kiasi gani, lini atalipa, na mashahidi wasimame. Ndiyo maagizo ya aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo inahusu deni. (Watu wazima tunaokopeshana kwa mdomo tungefaa kukaa dawati la nyuma.)

Zaka isiwe hesabu ya nisabu (kiwango cha mali kinachowajibisha zaka) kwa umri huu. Inatosha wakubaliane mapema sehemu gani ya faida itatolewa sadaka.

Kwa mifano, Bibi Khadija, mke wa Mtume aliyekuwa mfanyabiashara, hutajwa sana, na anastahili. Ila usimsahau Abdurrahman bin Auf, sahaba wa Mtume. Alipohamia Madina, Saad bin Rabii, mwenyeji wa huko, alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko, akaanza na samli na jibini. Watoto wanaodhani biashara haianzi mpaka baba atoe mtaji husikiliza kisa hiki kwa makini.

Zawadi, kama lazima iwepo, asipewe aliyeuza zaidi. Waulize wateja wangependa kununua kwa nani tena, waandike majina kwenye vikaratasi, na uhesabu hivyo.