Manukato ya Ngozi na Moyo wa Mwenye Kuyatia

SWALI: Assalaam aleikum, Bi Mhariri. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mkaazi wa Langoni, Lamu. Kaka yangu aliporudi kutoka Dubai aliniletea chupa ya manukato yenye harufu ya ngozi, nami nimeyapenda mno. Ninayatia nyumbani na katika shughuli za wanawake peke yao. Juzi, kwenye kesha la arusi, wifi yangu alisema mbele za watu kwamba hiyo ni harufu ya wanaume, na kwamba mwanamke anayeipenda ni mkavu wa moyo na hatawaliki. Tangu usiku ule nimeifungia chupa kabatini. Je, ni kweli kwamba manukato hufichua tabia ya mtu? Na je, humo ndani mna ngozi ya mnyama?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake linayafungua mengine. Ndani ya chupa hamna ngozi. Harufu hiyo huundwa kwa kuchanganya vitu vingine kabisa: lami inayopatikana kwa kuunguza magome ya mbetula, mti wa nchi za baridi, ambayo hunuka moshi, utomvu mzito wa vichaka vya pwani za Mediterania, na kemikali za jamii ya kwinolini, zinazotengenezwa maabara, zenye ukali mchungu unaoikumbusha pua ngozi iliyotoka kudabaghiwa. Warusi walikuwa wakiipaka ngozi ya viatu mafuta ya lami hiyo ili isipenye maji, na ndiyo sababu manukato mengi ya aina hii yakaitwa kwa jina la ngozi ya Urusi. Zamani ulitumika pia ute wa tezi za biva, mnyama wa mitoni, lakini siku hizi watengenezaji wengi wameuacha na hutumia mfano wake wa maabara.

Asili ya manukato hayo ni haja ya kuficha uvundo. Katika mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, kulikuwa na wadabaghi wengi wa ngozi, na glavu walizoshona zilikuwa na harufu mbaya hata matajiri waliozinunua hawakuweza kuivumilia, kwa hiyo mafundi wakaanza kuzitia harufu ya maua. Kazi ya ngozi ilififia baadaye, ile ya manukato ikabaki, na maua yaliyoupa mji huo sifa ni waridi na asumini, yaani maua yale yale ambayo sisi huyatunga kwenye kikuba. Kila ninapolikumbuka jambo hili huona kwamba ngozi na asumini ni majirani wa siku nyingi, ingawa wifi yako ameziweka pande mbili za ukuta.

Kuhusu harufu ya wanaume, historia haimuungi mkono. Mwaka 1919 nyumba ya manukato ya Caron ya Paris ilitoa Tabac Blond, manukato ya ngozi na tumbaku yaliyokusudiwa wanawake. Mwaka 1944 yakatoka Bandit ya nyumba ya mitindo ya Robert Piguet, ambayo ni miongoni mwa manukato makali zaidi ya ngozi yaliyopata kutengenezwa. Aliyeyatunga alikuwa mwanamke, Germaine Cellier, na waliotungiwa walikuwa wanawake.

Sasa tuje kwenye tabia, ambako ndiko ulikoumizwa. Mishipa ya kunusa hufika karibu sana na sehemu za ubongo zinazohifadhi kumbukumbu na hisia, kwa hiyo anayenusa huanza kukumbuka kabla hajafikiri. Mimi nikinusa ngozi humwona babu yangu asubuhi ya Idi, amevaa makubadhi mapya yanayolia kila anapopiga hatua, na kwangu harufu hiyo ni ya upole mtupu. Huenda wifi yako humkumbuka mtu mkali. Basi alilolisema usiku ule lilitoka katika kumbukumbu zake. Wewe ulikuwa umekaa karibu naye tu. Siamini hata kidogo kwamba chupa inaweza kutoa ushahidi juu ya moyo wa mtu.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo manukato hulionyesha, nalo ni kiasi cha mwenye kuyatia. Harufu ya ngozi huanza kwa ukali: dakika za mwanzo ni moshi na lami, na baada ya saa mbili au tatu hulainika, ikawa na utamu wa utomvu na joto la mwili. Katika hewa yetu ya Lamu, yenye joto na unyevu, ukali ule wa mwanzo husambaa upesi na mbali, na mtu akijipulizia mara sita kisha akaingia kwenye chumba chenye wanawake arobaini, wote hukutana na moshi kabla ya utamu. Jipulizie mara moja au mbili, saa mbili kabla ya kutoka, kwenye ngozi ya mwili wala si kwenye nguo nyeupe, kwa kuwa mengine yana rangi nzito inayoacha doa. Ukitaka, fukiza leso yako kwa udi kwanza. Udi wenyewe una upande wa moshi na ngozi, na hivyo viwili hupatana vizuri kuliko ngozi na marashi ya waridi peke yake.

Itoe chupa kabatini, dada yangu. Siku wifi yako atakapokuja kukutazama, yatie alasiri, kisha mpe mkono wako aunuse baada ya Isha, bila ya kumwambia ni manukato gani.