Siku saba Kaskazini: mafuta, upepo wa tairi na Chalbi

SWALI: Habari yako, fundi. Nina Prado ya dizeli yenye tangi la lita 87. Shule zikifungwa mwezi wa Aprili nataka kuzunguka Kaskazini kwa siku saba: Nairobi, Marsabit, jangwa la Chalbi, hifadhi ya Sibiloi, Loiyangalani, kisha nirudi kupitia Maralal. Tutakuwa watu watano, pamoja na baba yangu wa miaka 74 ambaye zamani alifundisha Maikona. Nibebe mafuta lita ngapi? Tairi nizitie upepo kiasi gani? Siku saba zinatosha? Na baba ataweza? – Msomaji, Thika

JIBU: Ndugu yangu, gari lako linaiweza safari hii. Ila kabla ya mafuta na tairi, nakuomba ubadilishe mambo mawili: mwezi, na Sibiloi.

Machi hadi Mei ni masika. Chalbi ilikuwa ziwa zama za kale, na hadi leo sakafu yake ni ganda la chumvi lililolalia udongo wa mfinyanzi. Ikiwa kavu utaendesha kama uko kwenye uwanja wa ndege. Ikilowa, ganda linapasuka, gari linazama hadi ekseli, na hakuna hata mti wa kufungia kamba. Tena si lazima mvua inyeshe hapo ulipo. Niliwahi kukwama kule siku mbili na wageni wanne chini ya anga safi kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku, maji yakateremka na kutandaa bondeni bila sisi kujua. Tulitoka kwa msaada wa wafugaji wa Kigabra waliopita na ngamia wao wakatuelekeza mahali pagumu pa kukanyagia. Kwa hiyo nenda likizo ya Agosti. Jua litakuwa kali na upepo mwingi, lakini njia itakuwa kavu.

Sibiloi iache kwa safari nyingine. Kutoka North Horr kwenda Koobi Fora, ndani ya Sibiloi, na kurudi kunakula siku mbili nzima, nawe katika siku zako saba hukuweka hata moja ya akiba. Ukiitoa, zinatosha, hivi: siku ya kwanza lala Archers Post, ya pili Marsabit, ya tatu Kalacha, ya nne Loiyangalani kupitia North Horr. Siku ya tano usisafiri. Hiyo ndiyo akiba yako. Kama hakuna kilichoharibika, watembelee Waelmolo, wavuvi wa hapo, na Ziwa Turkana. Siku ya sita ni Maralal, ya saba nyumbani kupitia Nyahururu.

Usidanganywe na siku mbili za mwanzo. Tangu barabara ya Isiolo hadi Moyale iwekwe lami, kilomita zipatazo 270 za Isiolo hadi Marsabit unazimaliza kwa asubuhi moja, na hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanaona Loiyangalani hadi Maralal ni kama kilomita 230, wanasema saa tatu. Ni kutwa nzima. Ukishaiacha lami, pima safari kwa saa za mwanga: ondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi jioni uwe umefika. Usiku usiendeshe kabisa.

Sasa mafuta. Usipige hesabu ya safari yote, piga ya kipande kirefu zaidi kisicho na kituo cha kuaminika. Kwako ni Marsabit hadi Maralal, kama kilomita 500 ukipitia Kalacha na North Horr. Kwenye lami Prado yako huenda inakupa kilomita tisa au kumi kwa lita. Kwenye mchanga, na mzigo wa watu watano, hesabu tano. Hiyo ni lita 100. Ongeza robo kwa ajili ya kupotea njia, kurudi nyuma na kuzunguka laga (mito ya msimu) zilizokatika: lita 125. Jaza tangi Marsabit mpaka juu, kisha beba madumu mawili ya chuma ya lita 20, basi una 127. Njiani utakuta dizeli ikiuzwa kwa madumu. Ichukue ukiwa na shida tu, na uichuje kwa kitambaa, maana maji na mchanga humo vinaua pampu ya dizeli. Usifunge madumu yote juu ya paa. Uzito wa juu ndio unaopindua magari kwenye kona za kokoto.

Kwenye tairi ndipo penye kazi, kwa sababu njia hii ina maadui wawili wanaotaka dawa zinazopingana. Mchanga unataka tairi laini: shusha upepo hadi psi 18 au 20, tairi itanuke, nawe uende polepole bila kukata kona kwa ghafla, la sivyo itachomoka kwenye rimu. Mawe meusi ya volkano kati ya North Horr na Loiyangalani yana makali kama shoka, na tairi iliyolegea inayatolea ubavu wake. Ubavu ukichanika hakuna kiraka. Kwa hiyo ukitoka mchangani simama, washa kompresa, panda hadi 26 hivi, kisha tembea kilomita 20 hadi 30 kwa saa ukichagua pa kukanyaga. Kwenye lami, na mzigo ule, rudi 35. Kazi ya kupandisha na kushusha inachosha, najua, na kila mara kuna abiria anayeuliza kwa nini tumesimama tena. Simama tu.

Spea ziwe mbili, si moja. Beba pia vijiti vya kuzibia pancha, beleshi, na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki, kwa sababu mchangani jeki inazama yenyewe gari likibaki pale pale. Badilisha tairi moja nyumbani kabla ya kuondoka, wewe na mkeo, kwa jeki ileile ya gari.

Laga ikishuka na maji, zima injini na usubiri. Mara nyingi hupungua kwa saa chache. Maji ya kunywa weka lita tano kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili. Ya Ziwa Turkana yana magadi, usiyategemee, na usiache watoto waoge bila kuwauliza wenyeji mamba wako upande gani.

Kuhusu usalama nitasema wazi. Kati ya South Horr, Baragoi na Maralal wizi wa mifugo umeua watu wengi. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa bonde la Suguta. Kuna majira njia hiyo ni tulivu kabisa na kuna wiki haipitiki. Ukiwa Loiyangalani nenda kituo cha polisi, kisha uulize madereva wa malori waliofika jana. Wakisita, usiende. Fuata barabara ya Sarima hadi Laisamis, ile ya kilomita 208 iliyotengenezwa ili mitambo 365 ya umeme wa upepo iweze kupita, urudi kwenye lami. Mtandao wa simu unapatikana karibu na miji tu, hivyo mwachie mtu nyumbani ratiba yenye tarehe.

Na baba yako. Mpeleke. Aonane na daktari kwanza, abebe dawa za wiki mbili badala ya moja, na mkate bima inayolipia kuchukuliwa na ndege, kwani Kalacha na Loiyangalani kuna viwanja vidogo. Mpe kiti cha mbele, mtikiso ni mdogo kuliko nyuma. Mkifika Maikona siku ya tatu msipite tu kwenda Kalacha, ambako si mbali. Simameni dukani, mwache ashuke na aulize wanafunzi wake wako wapi. Watakuwa wazee sasa, na huenda mkaitwa chai ya maziwa ya ngamia. Itengeeni saa mbili.